Damu ya Mkimbiaji: Kikundi Kiulize Kabla ya Sindano

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika. Yasomwe kwa sauti kikundini, kisha mzungumze.)



Leo mlitualika tuzungumze juu ya mikopo ya vikundi. Tutazungumza juu ya mkopo mmoja tu, ambao sisi wa ofisi ya maendeleo tuliupitisha kwa mikono yetu wenyewe, na ambao unatuuma hata leo.

Ulikuwa mkopo wa shilingi 30,000. Aliyeuomba ni mama mmoja mwaminifu, ambaye hajawahi kuchelewesha mchango wake hata wiki moja. Aliomba kwa ajili ya kijana wake, mkimbiaji. Kwenye fomu, pale panapoulizwa sababu ya mkopo, paliandikwa "matibabu ya damu". Wanakikundi walimwonea huruma, wakakubali. Sisi tukaona saini zote zipo na kitabu kiko sawa, tukapiga muhuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: ni ugonjwa gani? Ni hospitali gani?

Baada ya miezi miwili mama yule alikuja ofisini na kitu amekifunga kwenye leso. Akafungua. Kilikuwa kichupa kidogo cha kioo, kitupu. Akatuuliza, "Nyinyi mliosoma, hii ni nini?"

Kijana alikuwa amelazwa. Mguu ulikuwa umevimba kutoka kisigino hadi pajani, na daktari alikuwa amesema damu imeganda ndani ya mshipa. Kumbe hakukuwa na ugonjwa wowote wa damu mwanzoni. Kulikuwa na mtu wa pikipiki aliyejiita daktari, akamwambia kijana, "Hii inaongeza damu tu. Wakimbiaji wote wakubwa hutumia." Mama akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Tulilipa wenyewe. Mimi na wenzangu."

Basi wapendwa, tulipotoka pale tulikwenda kuuliza na kusoma. Haya tunayowaambia leo ndiyo tuliyopaswa kuyajua kabla ya kupiga ule muhuri.

DAMU HUFANYA KAZI GANI?

Ndani ya damu mna chembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye misuli. Mtu anayekimbia kilomita 42 anahitaji hewa hiyo kwa saa mbili na zaidi bila kupumzika. Mwenye wabebaji wengi huchelewa kuchoka.

Nani huamua idadi ya wabebaji hao? Ni figo. Figo zikiona hewa imepungua, hutoa kitu kinachoitwa EPO, nacho huenda hadi kwenye uboho ndani ya mifupa na kusema, "Tengenezeni chembe zaidi." Chembe moja huishi karibu miezi minne, kisha hufa na nyingine kuchukua nafasi yake. Huku kwetu nyanda za juu hewa ni nyepesi. Iten, kwa mfano, iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana wageni kutoka mbali huja kufanya mazoezi hapa, ili miili yao itengeneze chembe zaidi. Mtoto wetu aliyezaliwa hapa anapata bure kile wengine wanachopanda ndege kukitafuta.

Redio huita madawa haya yote "dawa za kusisimua misuli". Jina hilo hutupoteza. Hii haigusi misuli hata kidogo, inaongeza damu. Na neno "kuongeza damu" masikioni mwa mama ni neno zuri. Ni neno la kliniki ya wajawazito. Ndiyo maana lilipita kwenye fomu yetu bila swali.

UDANGANYIFU HUU ULIANZA WAPI?

Haukuanza na sindano ya dawa. Ulianza na damu yenyewe. Mtu alitolewa damu, ikahifadhiwa kwenye baridi, mwili ukajaza pengo kwa wiki kadhaa, kisha akarudishiwa damu yake karibu na siku ya mashindano. Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Kaarlo Maaninka wa Finland alipata medali ya fedha katika mita 10,000 na ya shaba katika mita 5,000. Baadaye alikiri kwamba alikuwa ameongezewa damu. Wakati ule hakukuwa na kanuni ya kukataza. Mwaka 1984 kule Los Angeles baadhi ya waendesha baiskeli wa Marekani walitiwa damu, wengine hata damu ya watu wa familia zao, na baadhi yao wakaugua. Baada ya hapo ndipo wakuu wa Olimpiki walipokataza.

Kisha ikaja dawa. Wataalamu walijifunza kutengeneza EPO kiwandani, na mwaka 1989 ikaruhusiwa kutumika hospitalini Marekani. Hebu tusikilizane vizuri hapa: dawa hii si mbaya. Mtu ambaye figo zake zimeharibika hawezi kutengeneza EPO ya kutosha, na sindano hii humrudishia nguvu. Pengine jirani yako anayesafishwa damu kwa mashine anadungwa dawa hiyo hiyo, naye anaihitaji kweli. Ubaya ni kumdunga mtu mzima ambaye figo zake zinafanya kazi.

Mwaka 1990 ilikatazwa michezoni. Lakini kukataza si kukamata. Kwa miaka kumi hakukuwa na kipimo cha kuitambua. Chama cha baiskeli cha dunia kilijaribu mwaka 1997 kuweka mpaka: mwanamume ambaye chembe nyekundu zimepita asilimia 50 ya damu yake asishindane. Mnadhani walaghai walifanya nini? Walijidunga mpaka wakakaribia 50, wakaishia hapo.

Na mpaka wa namna hiyo ungeweza kumwonea asiye na hatia. Finland kulikuwa na mwanariadha wa kuteleza kwenye theluji, Eero Mäntyranta, aliyepata medali saba za Olimpiki katika miaka ya 1960. Damu yake ilikuwa nzito kupita kiasi na watu walimshuku. Baadaye wataalamu waligundua kwamba yeye na watu wengi wa ukoo wake walizaliwa hivyo. Uboho wao huitikia EPO kupita wa watu wengine.

HUGUNDULIWAJE?

Kuna njia tatu, na ni vizuri vijana wetu wazijue zote.

Ya kwanza ni mkojo. EPO ya kiwandani na EPO ya figo ni kama pacha, lakini zimefungwa sukari tofauti kidogo. Wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba zikiwekwa kwenye utomvu maalumu na kupitishiwa umeme, hazisimami mahali pamoja. Kipimo hicho kilianza kutumika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mkimbiaji hutoa mkojo mbele ya msimamizi, unagawanywa katika chupa mbili, A na B, zinafungwa mbele yake. A ikionyesha dawa, ana haki ya kudai B ipimwe pia. Na chupa zinaweza kuhifadhiwa na kupimwa tena hadi miaka kumi. Yaani kilichojificha leo kinaweza kuonekana mwaka wa saba.

Ya pili ni kile kinachoitwa pasipoti ya damu. Akina mama, hii mtaielewa kuliko sisi, kwa sababu mnaijua kadi ya kliniki ya mtoto. Nesi hampimi mtoto mara moja na kuamua. Huweka alama mwezi baada ya mwezi, halafu hutazama mstari. Mtoto mwembamba tangu kuzaliwa ana mstari wake, na mnene ana wake. Nesi hushtuka pale mstari unaporuka au kuanguka ghafla. Waendesha baiskeli walianza kutumia kadi ya namna hii mwaka 2008, na shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, likaweka utaratibu wake mwaka 2009. Kila mkimbiaji mkubwa ana kadi. Analinganishwa na nafsi yake. Mtu kama Mäntyranta hataonewa tena.

Kwenye kadi hiyo hutazamwa zaidi mambo mawili: wingi wa himoglobini, yaani ile rangi nyekundu inayobeba hewa, na idadi ya chembe changa. Mtu akijidunga EPO, chembe changa huzidi, maana uboho unasukumwa. Akiacha sindano, au akirudishiwa damu iliyohifadhiwa, himoglobini huwa juu lakini chembe changa huwa chache mno, kwa kuwa mwili umeona damu inatosha ukapumzika. Ni kama ghala limejaa mahindi na shambani hakuna bua hata moja. Lazima mtu aulize: mahindi haya yametoka wapi? Kadi ikionyesha hivyo, wataalamu watatu huitazama bila kuambiwa jina la mwenyewe, na mkimbiaji hupewa nafasi ya kujieleza. Tangu 2018 damu ya kadi hizi inapimwa Nairobi hapa hapa.

Abraham Kiptum alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kule Valencia Oktoba 2018. Mwaka 2019 alifungiwa miaka minne kwa sababu ya kadi yake ya damu, na rekodi ikafutwa. Rhonex Kipruto alifungiwa miaka sita mwaka 2024 kwa njia hiyo hiyo. Akapoteza rekodi ya kilomita 10 barabarani na medali ya shaba ya dunia ya mwaka 2019. Yeye alikana, lakini waliosikiliza kesi walifuata alama za kadi.

Ya tatu ni watu. Mwaka 1998 timu ya baiskeli ya Festina haikukamatwa na maabara. Ilikamatwa na maofisa wa forodha waliosimamisha gari lake mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa. Lance Armstrong wa Marekani alipimwa mara nyingi sana akaendelea kushinda. Wenzake wa timu ndio waliosema. Mwaka 2012 alinyang'anywa ushindi wote saba wa mbio kuu za Ufaransa, na Januari 2013 akakiri mwenyewe kwenye televisheni. Udanganyifu wa damu haufanywi na mtu peke yake. Kuna anayeuza, anayeleta, anayedunga, anayelipa. Huyo wa mwisho, jameni, safari ile alikuwa kikundi chetu.

HASARA NI YA NANI?

Mtu anaweza kusema, "Kijana anatafuta riziki. Ameibia nani?" Hebu tutazame kesi moja.

Rita Jeptoo alishinda marathoni ya Boston Aprili 2014. Septemba mwaka huo alipimwa, ikaonekana EPO. Alifungiwa miaka miwili, na mwaka 2016 mahakama ya michezo ikaongeza ikawa minne na kufuta ushindi ule wa Boston. Aliyekuwa wa pili siku ile ni Buzunesh Deba wa Ethiopia. Hakuvuka utepe kama mshindi, hakuimbiwa wimbo wa taifa lake, wala hakulipwa fedha za mshindi. Miaka ilipita. Mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, mpenda mbio, ndiye aliyejitolea dola 75,000 kutoka mfukoni mwake kumpa. Miaka kumi ya mwanariadha ni maisha yake yote ya kazi. Kwa hiyo yupo aliyeibiwa, naye ni mwanamke kama wale mnaowaona wakipita barabarani alfajiri.

Na uongo huzaa uongo. Jemima Sumgong aliiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya marathoni ya wanawake katika Olimpiki, Rio 2016. Mwaka 2017 alipatikana na EPO, akafungiwa miaka minne. Ikaja kuonekana kwamba karatasi za hospitali alizotoa kujitetea hazikuwa za kweli. Miaka minne ikawa minane.

Sisi wenye ng'ombe tunajua habari ya maziwa yaliyotiwa maji. Karani wa ushirika akiona kipimo kimeteleza, hamwagi kikombe cha mwizi peke yake. Pipa zima linakataliwa, na la kwako wewe uliyekamua vizuri limo humo. Mei 2016, miezi mitatu kabla ya Rio, WADA ilitangaza kwamba nchi yetu haijatimiza kanuni. Mwaka huo Kenya ikapata sheria yake na shirika lake la kupambana na dawa hizo, ADAK. Mwishoni mwa 2022 riadha yetu iliponea chupuchupu kufungiwa, na Serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili kupambana na jambo hili. Ninyi mnaochanga shilingi hamsini hamsini kwa ajili ya mfereji wa maji, pigeni hesabu wenyewe.

Lakini hasara ya kwanza ni ya mwili. Damu iliyozidishiwa chembe huwa nzito. Uji mwepesi hupita kwenye chujio, mzito hukwama. Mkimbiaji anatoka jasho, maji yanapungua, damu inazidi kuwa nzito, inaganda. Ikiganda mguuni ni uvimbe. Ikifika mapafuni, moyoni au kichwani, ni kifo au kupooza. Tena dawa yenyewe inatakiwa kukaa kwenye friji. Iliyozunguka mfukoni juani haijulikani imegeuka nini. Sindano ya kushirikiana huleta Ukimwi na homa ya ini. Na mara nyingine mwili hujifunza kuipiga vita EPO, hata ile yake wenyewe, na mtu akabaki bila damu kabisa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kikundi kile hakikumfukuza mama yule. Walikaa chini ya mti wakalia, wakagombana kidogo, kisha wakaandika kanuni mpya. Tunawaletea kanuni hizo kama walivyoziandika, pamoja na mambo machache tuliyoongeza.

Moja. Mkopo wa matibabu uje na karatasi ya kituo cha afya au hospitali, yenye jina la ugonjwa na jina la dawa. Wanakikundi wawili waende kuhakikisha.

Mbili. Kijana anayechoka sana mazoezini apimwe damu kwanza. Huenda ana malaria, minyoo, au amepungukiwa na madini ya chuma. Hayo yana matibabu halali. Maharagwe, mboga za majani, maini na nyama havijakatazwa na mtu.

Tatu. Mkimbiaji amwambie kila daktari, "Mimi hushindana." Orodha mpya ya vitu vilivyokatazwa huanza kutumika kila Januari. Akiugua kweli na kuhitaji dawa iliyo kwenye orodha, kuna njia ya kuomba ruhusa kwa maandishi. Hata dripu, ikizidi mililita 100 katika saa 12 nje ya matibabu halali ya hospitali, imekatazwa. Kanuni husema mwanariadha anawajibika kwa kila kinachopatikana mwilini mwake. "Sikujua" haitoshi.

Nne. Anayekuja na sindano nyumbani aulizwe jina, cheti na kituo anachofanyia kazi. Akikataa, wazee na ADAK wajulishwe. Kanuni zinawafikia pia makocha, madaktari na mawakala wanaotoa dawa hizi. Tusimwachie mtoto peke yake mzigo wote.

Tano. Tusiseme kila anayeshinda ametumia dawa. Huo nao ni wizi, wizi wa jina la mtu.

Kijana yule hakuwahi kupimwa na mtu yeyote. Hakuna jina lake gazetini. Mguu wake ndio uliomkamata. Hajarudi kukimbia. Asubuhi hukamua ng'ombe wa mama yake na kupeleka maziwa kwa baiskeli, na katika fedha hizo mkopo unalipwa kidogo kidogo. Tulipotazama kitabu mara ya mwisho zilikuwa zimebaki shilingi 4,200. Mama hajachelewesha hata wiki moja.

Na sisi ofisini, kile kichupa tumekiweka mezani kando ya muhuri. 

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika mwaka uliopita tumetoa mikopo mingapi ya matibabu? Ni mingapi tuliyoulizia ugonjwa?

2. Je, kijana wetu akiahidiwa "dawa ya kuongeza damu", angemwambia nani kwanza? Kama hangemwambia mtu, ni kwa nini?

3. Tunamsalimuje mkimbiaji anayerudi nyumbani bila kushinda? Je, salamu zetu humsukuma kwa mtu wa sindano?